Mashine ya Rangi ya Mlango

Benchi letu lina miguu mitatu yake na wa nne wa tofali. Limeegemea ukuta wa chumba cha mpwa wangu, anayechapa na kutoa kopi, na mbao zake zimejaa herufi za kila namna: nusu ya neno "saluni", robo ya neno "vipuri", namba zisizo na mwenyewe. Hiyo ni kazi ya Rangi, mchora mabango, ambaye hapeleki herufi kwenye ukuta wa mteja kabla ya kuijaribia mkono hapa. Pembeni yake hukaa Breki, aliyeendesha lori mpaka magoti yakamkatalia. Katikati, pale mbao zilipolainika, hukaa Kamusi, karani mstaafu, mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akajibu sijui. Mimi ndiye mwenye birika. Huwa sina tabia ya kuwakasirikia wanaokunywa kahawa yangu, lakini siku hiyo waliitafuta hasira yangu mpaka wakaipata.

Mpwa wangu huyo, binti wa dada yangu, mtaa mzima unamwita Chapa. Alikuwa amepewa kazi ya kuchapa mtihani wa majaribio wa darasa la saba, kazi ambayo kila mwaka huenda kwenye kiwanda kikubwa cha katikati ya mji. Amefuatilia mpaka viatu vimeisha soli. Mwisho mwalimu mkuu akamwambia: jaribu, ukiweza kazi ni yako, usipoweza usije tena mlangoni kwangu. Sharti ni moja, mtihani usitoke kwenye kompyuta yako kwenda kwenye nyingine yoyote. Mwalimu mmoja wa shule hiyo angekuja kuuchukua alasiri ile. Na hapo ndipo shetani alipopitia. Siku chache nyuma virusi vilikuwa vimeishambulia kompyuta yake, naye akaifuta yote akaweka mfumo mwingine, Linux, ule wa bure ambao virusi haviuzoei. Kompyuta ikapona kabisa. Printa ndiyo ikapandwa na wazimu.

Asubuhi hiyo Chapa alitoka ndani na karatasi mkononi.

CHAPA: Kaka Rangi, nilitaka kukuuliza...

KAMUSI: Lete hapa hiyo.

Akaichukua kabla hajapewa. Ilikuwa imejaa juu mpaka chini, namba na vipande vya maneno, na mwanzo kabisa palikuwa na alama hizi: %!PS. Kamusi akavaa miwani.

KAMUSI: Asilimia. Halafu alama ya mshangao. Mmeona? Wanatukata asilimia, halafu wanashangaa wao.

BREKI: Kina nani?

KAMUSI: Wenye mashine.

BREKI: Asilimia ngapi?

KAMUSI: Hawakuandika. Huo ndio uhuni wenyewe.

CHAPA: Mzee, hakuna aliyekata kitu. Hizo ni amri. Kompyuta haiitumii printa ukurasa wenyewe, inaitumia maelekezo: anza hapa, chora herufi hii, sogea. Sasa maelekezo hayo yana lugha yake. Kompyuta imesema kwa PostScript, na printa hii inajua lugha nyingine. Haikuelewa, basi imechapa amri zenyewe kama zilivyo.

BREKI: Sijakupata.

CHAPA: Nikikupa kikaratasi kimeandikwa "chora nyumba", na wewe hujui kusoma, utafanya nini?

BREKI: Nitakuuliza kimeandikwa nini.

CHAPA: Printa haiulizi. Inanakili kikaratasi.

Breki akaweka kikombe chini. Hilo lilimuuma kama vile ametukanwa yeye.

BREKI: Yaani kitu nimekinunua, nimekiwekea umeme, nimekiwekea karatasi, halafu kinachagua lugha? Mimi nimevuka mipaka na lori sijui hata salamu za huko, na mzigo ukafika. Karatasi nyeupe, wino mweusi. Lugha ya nini?

KAMUSI: Akosaye la mama, hata la mbwa huamwa.

RANGI: Hapo mbwa ni nani?

KAMUSI: Kompyuta.

CHAPA: Sasa, kaka Rangi...

RANGI: Tatizo si sura, hilo nalisema mapema kabisa. Mashine ile nimeipaka mikono miwili. Rangi yangu haibanduki.

Hapa lazima niseme jambo. Printa ya Chapa ilizaliwa nyeupe. Aliinunua kwenye mnada wa ofisi moja iliyokuwa inafungwa. Kisha duka la mtaa wa pili likaibiwa mashine, na benchi likakaa kikao bila kualikwa na mtu. Kamusi akatoa hoja kwamba mashine yenye rangi ya mlango haiuziki, mwizi ataipeleka wapi. Breki akaunga mkono. Rangi akaleta kopo lililobaki alipopaka mlango wa Chapa, akaipaka printa kijani kilekile mbele, nyuma na ubavuni, kwa ufundi wake wote. Chapa aliporudi kutoka kununua karatasi aliikuta inakauka juani. Akasema ahsanteni, maana angesema nini, wote ni wakubwa zake.

Basi akarudi ndani. Tukasikia mashine ikivuta karatasi. Akatoka tena na nyingine. Hakuwa mjinga wa kujaribia mtihani wenyewe, alijaribia tangazo lake la dukani. Lilikuwa limetoka hivi:

Kuchapa
                    Kutoa kopi
                                              Kuunganisha vitabu

na mstari wa nne ulikuwa umedondoka nje ya karatasi kabisa.

CHAPA: Nimeiambia ipeleke maneno matupu, bila mapambo. Angalau maneno imeyajua. Kaka Rangi, kabla hujaipaka...

BREKI: Imeinama.

RANGI: Nini?

BREKI: Mashine imeinama. Tazama mistari inavyoteremka kulia. Gari likivuta upande mmoja, unaanzia kwenye magurudumu. Hiyo haihitaji shule.

CHAPA: Haijainama, mzee wangu. Ni mwisho wa mstari. Mfumo huu mstari ukiisha unasema "shuka", basi. Printa inasubiri iambiwe pia "rudi mwanzo". Haijaambiwa, kwa hiyo inashuka ikiwa palepale ilipo.

BREKI: Haina akili ya kujua kwamba mtu akimaliza mstari anarudi? Hata ng'ombe wa kulima anajua.

CHAPA: Ng'ombe amefundishwa.

BREKI: Na hii imefundishwa nini miaka yote hiyo?

Akainuka, magoti yakilia, akakunja kipande cha boksi na kuingia ndani kukisokomeza chini ya printa, upande wa kulia. Ikachapwa karatasi nyingine. Ngazi ileile, haikupungua hata kidole. Breki akatoka akisema boksi ni jembamba.

Kamusi ile karatasi ya ngazi aliikazia macho muda mrefu. Mimi huwa naogopa akinyamaza, maana anachota kutoka mbali.

KAMUSI: Jamani, mashine hii ilikuwa ya ofisi, siyo?

MIMI: Ya mnada wa ofisi.

KAMUSI: Basi imezoea kuchapa barua za kuhamisha watu na kufukuza watu. Leo unaiweka kwenye chumba cha kona unaiambia ichape "kutoa kopi". Hiyo ngazi mnaiona inaelekea wapi?

RANGI: Chini.

KAMUSI: Imeshushwa cheo, na inalalamika kwa maandishi. Mimi nimefanya kazi na watu walioshushwa cheo. Ndivyo wanavyoandika.

BREKI: Basi tuipandishe.

KAMUSI: Kwa madaraka ya nani?

RANGI: Ninyi hamjui mlitendalo. Mimi nawaambia, kampuni zilikaa mezani. Zikasema: anayelipia mfumo, mistari yake inyooke. Anayetumia wa bure, mpeni ngazi. Wamekaa wakakubaliana, wakala na kunywa, na sisi ndio tuliolipia chakula.

BREKI: Huo ni wizi wa mchana.

KAMUSI: Ni uonevu. Na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tuwaandikie barua kali, na nakala kwa wote wanaohusika.

RANGI: Nakubali. Tuiandike leo leo.

MIMI: Mtaichapia wapi?

Wakanitazama kama mtu aliyeleta uchuro arusini. Hapo hasira yangu ilikuwa imefika kooni. Mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa ndani, jasho linamtoka, alasiri inakuja mbio, na hawa wamekaa mlangoni kwake wanapanga vyeo vya mashine. Wanakunywa kahawa ya mjomba wake huku wanaimaliza siku ya mtoto.

MIMI: Mnajua mtihani unachukuliwa alasiri?

KAMUSI: Haraka haraka haina baraka.

MIMI: Na polepole italeta mtihani?

KAMUSI: Polepole ndio mwendo.

Humo ndani ikaanza kusikika sauti ya kukwaruza. Kwaru, kwaru, kisha kimya, kisha kwaru tena.

BREKI: Mnasikia? Inasaga meno.

RANGI: Printa haina meno.

BREKI: Ina magurudumu yenye meno, nimeyaona nilipoweka boksi. Ikisaga hivyo ujue imekasirika, na mashine iliyokasirika usiiwekee karatasi. Itameza.

KAMUSI: Kikulacho ki nguoni mwako.

MIMI: Hiyo imeingiaje hapa?

KAMUSI: Utaielewa baadaye.

Chapa akatoka mara ya tatu. Mkononi alikuwa na wembe anaokatia karatasi. Kucha zake zilikuwa za kijani, na chembechembe za kijani zilikuwa zimemtapakaa kifuani. Hakuwa na karatasi yoyote safari hii. Alisimama mbele ya Rangi.

CHAPA: Kaka Rangi, ni swali moja tu.

KAMUSI: Binti, subiri kwanza wakubwa wamalize. Tuko karibu sana na jibu.

Akamtazama Kamusi. Akamtazama Breki, aliyekuwa anamweleza Rangi jinsi giaboksi linavyoanza kufa. Rangi mwenyewe alikuwa anaitikia kwa kichwa, hakumwona. Kisha akanitazama mimi, nami nikafungua mdomo niwanyamazishe, lakini alikwisha geuka. Mlango wa kijani ukafungwa taratibu. Mtoto yule angeupiga kwa nguvu ningefurahi zaidi.

Alasiri ikafika. Pamoja nayo akafika mwanamke mfupi, mkoba wa ngozi begani, chaki kwenye pindo la mkono wa gauni.

MWALIMU: Shikamooni wazee wangu.

SOTE: Marahaba.

MWALIMU: Nimefuata kazi yetu. Ni hapa kwa Chapa?

KAMUSI: Ni hapa, mwanangu. Ila kaa kwanza ueleweshwe.

Mwalimu akakaa kwenye ncha ya benchi. Nikammiminia kahawa, naye Kamusi akammiminia mengine yote: asilimia, mshangao wa wenye mashine, kikao cha kampuni, printa iliyoshushwa cheo, meno yanayosagwa. Breki akaongeza habari ya boksi. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, kama anayemsikiliza mwanafunzi ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

MWALIMU: Poleni sana. Hata ya shuleni iliwahi kutufanyia hivyohivyo, kompyuta ilipobadilishwa mfumo. Fundi alitupigia simu akatuuliza printa inaitwaje. Tukamsomea jina na namba pale mbele, akasema tuchague namba hiyohiyo kwenye orodha ya kompyuta. Ikatulia. Kwani hii yenu inaitwaje?

Kamusi akavua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la shati. Breki akachungulia ndani ya kikombe chake, kitupu. Rangi akaanza kukwangua tone la rangi lililokauka kwenye goti la suruali yake, na akaendelea kulikwangua.

BREKI: Ya kijani.

MWALIMU: Namba yake, mzee.

Mlango ukafunguka.

CHAPA: Shikamoo mwalimu. Hilo swali lako ndilo langu tangu asubuhi. Mara tatu nimetoka nalo, mara tatu nimerudishwa nalo ndani.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali kwetu angepandisha.

CHAPA: Kampuni naikumbuka. Namba sikuwahi kuishika kichwani, sikujua kama nitaihitaji. Kwenye orodha kampuni hiyo ina mashine chungu nzima, na kila moja ina lugha yake. Kompyuta yenyewe haiwezi kuniambia, kwa waya huu wa zamani inaona waya tu. Printa ina kitufe cha kuifanya ichape maelezo yake yenyewe. Kimeganda kwa rangi, hakibonyezeki. Nimekwangua mbele na nyuma kwa wembe. Rangi imetoka, na lebo imetoka nayo.

RANGI: Rangi yangu haibandu...

Akaikata kauli mwenyewe.

CHAPA: Kaka Rangi, kabla hujaipaka, uliona imeandikwa nini?

Uso wa Rangi ulikuwa umewiva kwa aibu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kuuona.

RANGI: Namba siikumbuki, mdogo wangu. Herufi zenyewe nazikumbuka. Zilikuwa nyembamba, zimelala kidogo kama zinaegemea upepo. Nilizipenda. Mimi herufi nzuri huwa siiachi ipite bure, lazima kwanza niijaribie mkono...

Akatazama benchi.

RANGI: Inukeni.

Breki akainuka. Mwalimu akainuka. Rangi akapiga magoti akaanza kupitisha kiganja juu ya mbao, akisoma kazi zake za miaka: nusu ya saluni, robo ya vipuri, mkia wa neno "karibu". Kamusi alikuwa bado amekaa.

KAMUSI: Mimi hapa ni mahali pangu.

CHAPA: Inuka, mzee.

Akainuka. Na pale, kwenye mbao iliyolainika, palikuwa na herufi nyembamba zimelala kidogo: MV 41, na namba moja ya mwisho. Suruali ya Kamusi ilikuwa imeila namba ile. Upande wake wa kulia mikunjo miwili ilikuwa bado ipo. Upande wa kushoto ilikuwa mbao tupu.

KAMUSI: Tatu hiyo.

BREKI: Nane. Umeikalia upande mmoja.

KAMUSI: Mimi nimesoma namba serikalini maisha yangu yote. Ni tatu.

BREKI: Rangi, sema. Wewe ndiye uliyeandika.

RANGI: Tatu yangu huwa na kichwa bapa. Lakini hizi sikuandika kwa mkono wangu, niliiga. Siwezi kuapa.

KAMUSI: Mwenye macho haambiwi tazama.

BREKI: Wewe umeitazama na nini miaka yote, mbona hukuiona?

Mate yakaanza kuruka. Rangi akasema tuchukue mwanga wa upande, Breki akasema tupake masizi, Kamusi akataka karatasi ya kuinakilia. Mwalimu akatazama saa yake. Chapa akawatazama wote, mmoja mmoja, wazee wale waliokuwa wamempeleka mbio tangu asubuhi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona mdomo wake unataka kucheka.

CHAPA: Zikiwa mbili naweza kuzijaribu zote. Endeleeni.

Akaingia, na mwalimu akamfuata. Nje hakuna aliyeendelea. Hata kukaa hawakukaa, walisimama wamelizunguka benchi kama watu wanaosubiri habari hospitalini. Mashine ikavuta karatasi. Tukasikia Chapa akisema "tatu, hapana". Vidole vyake vikagonga kibodi. Mashine ikavuta tena.

Mwalimu akatokea mlangoni na karatasi ya pili. Ilikuwa ni lile tangazo la duka. Kuchapa, kutoa kopi, kuunganisha vitabu, kila mstari umeanza pale ulipoanza mwenzake, umenyooka. Alipitisha ukucha chini ya mistari ile kama anavyosahihisha daftari. Kisha akamgeukia Chapa.

MWALIMU: Haya, binti. Tuchape mtihani. Mimi nakaa nawe humu mpaka wa mwisho utoke.

Akavuta kiti, akafunga mlango, na mashine ikaanza kukimbia bila kupumzika. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameipata kazi yake. Nililazimika kugeukia birika, maana macho yalikuwa yananiwasha.

BREKI: Ilikuwa nane.

KAMUSI: Nane, ndiyo. Tangu mwanzo nilisema itakuwa ama tatu ama nane.

Akakaa palepale pake, juu ya namba ileile, akaninyooshea kikombe.

KAMUSI: Ongeza hapo, ndugu yangu. Siku imekuwa ndefu, na mimi nimesema sana.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Haikuwa imekwisha. Birikani vilikuwa vimebaki vikombe viwili, na wenye navyo walikuwa ndani ya mlango wa kijani.